Mashini Inayonata Haijafa: Ni Ngozi Yake Imeoza



Somo la mwezi huu halihusu mbegu wala mbolea. Linahusu kitu ambacho depo nyingi za koperative zinacho ndani ya kabati: mashini ndogo yenye ganda jeusi na laini. Siku ilipoletwa ilikuwa tamu mkononi, sawa ngozi iliyopakwa mafuta. Leo ukiigusa inakamata vidole sawa ulimbo wa kunasia ndege. Inaweza kuwa redio, tochi, kalkulatrisi, GPS ya kupimia shamba, ama kipima-unyevu cha kahawa. Vumbi na nyuzi za gunia zinajibandika juu yake, na hakuna mtu anataka kuishika tena. Mwisho inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kusahauliwa.

Msimu uliopita nilifika kwa koperative moja ya kahawa kandokando ya Ziwa Kivu. Hawakuniita kwa sababu ya mashini. Waliniita kwa sababu mnunuzi wa mjini alikuwa amewarudishia mifuko ya parche, akisema haijakauka. Mnajua kipimo: parche inauzwa ikiwa na unyevu kati ya 10 na 12 kwa mia. Yao ilikuwa inasoma 14. Mvua ilikuwa inanyesha kila mchana, na sasa walipaswa kuianika upya, kulipa watu wa kugeuza, na kungoja pesa ambazo familia zilikuwa zimeishapangia masomo ya watoto.

Nikauliza: "Lakini nyinyi muko na mashini ya kupima. Iko wapi?"

Magazinie akaangalia chini. "Iko mu kabati, agronomu. Ile ilikufaka. Inanatanata mikono. Tulirudilia ku meno."

Kupima kwa meno si jambo la kuchekwa. Wazee wetu walikuwa wanang'ata punje na kujua kama imekauka. Lakini jino haliwezi kutofautisha 12 na 14, na kati ya hizo namba mbili ndimo inakaa bei yote ya kahawa yenu. Nikaomba waniletee mashini. Ilikuwa imejaa vumbi na imeshikana na mfuko wake. Nikaweka mawe mapya ya redio, nikabonyeza. Ikawaka. Tukamwaga parche ndani, ikasoma.

Mzee mmoja akapiga makofi: "Kumbe iko muzima! Ni ngozi tu njo imeoza."

Sitaweza kueleza vizuri kumpita. Lakini tuone basi hiyo ngozi ni nini, na kwa nini inaoza.

Ganda la mashini hizi lina sehemu mbili. Ndani kuna plastiki ngumu, ile inayobeba kila kitu. Juu yake kiwandani wamepuliza rangi nyembamba sana yenye ulaini wa mpira, ili mashini isiteleze mkononi na ipendeze machoni. Rangi hiyo mara nyingi inatengenezwa na kitu kinachoitwa poliuretani. Poliuretani ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na mtaalamu Otto Bayer pamoja na wenzake, na leo iko kila mahali: ndani ya godoro la sponji, ndani ya nyayo za viatu, ndani ya varnishi. Rangi laini ya mashini ilienea sana tangu miaka ya 1990.

Ifikirie sawa kamba iliyosokotwa na nyuzi ndefu sana. Nyuzi zikiwa ndefu, kamba iko na nguvu. Lakini aina nyingi za poliuretani hii zina adui mmoja, na adui huyo ni maji, hata maji yale tusiyoyaona, ya hewani. Polepole unyevu unaingia na kukata nyuzi vipandevipande. Nyuzi zikishakuwa fupi, rangi haiwezi kukaa kavu tena, inakuwa sawa asali iliyoganda nusu. Na kuna ubaya mwingine: kila uzi unapokatika unaacha asidi kidogo, na asidi hiyo inasaidia maji kukata nyuzi zingine. Ni sawa gunia moja la mahindi mabichi katikati ya depo: likianza kupata moto ndani, halichelewi kuwaharibia majirani zake.

Ndiyo sababu mashini inaweza kunata hata bila kutumiwa. Sekretere wa koperative ile aliniuliza kwa hasira: "Kalkulatrisi yangu ilikuwa imefungwa miaka tatu, hakuna mutu aliigusa. Juu ya nini inanata?" Ilikuwa imefungwa, ndiyo, lakini unyevu ulifungwa pamoja nayo, na ile asidi haikupata njia ya kutoka. Kwetu huku, ambako mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5, kitu kilichofungwa ndani ya mfuko bila hewa kinaoza mbele ya kile kinacholala juu ya meza. Jasho na mafuta ya mikono yanaongeza, na joto pia. Wale wanaonunua viatu vya mitumba wanajua ndugu ya ugonjwa huu: kiatu kinaonekana kipya kabisa, unakivaa kwenda kanisani, na mbele ya kufika unyayo umevunjika sawa mkate mkavu.

Basi kuna jambo moja la kushika. Ile kunata si uchafu ulioingia kutoka inje. Ni rangi yenyewe imegeuka. Kwa hiyo kuosha na maji na sabuni hakumalizi: utaosha leo, kesho itanata tena. Na kurudisha rangi iliyooza katika hali yake ya zamani, hakuna anayeweza. Kazi yetu ni kuitoa yote mpaka tufike kwenye plastiki ngumu iliyo chini.

Mbele ya kuanza, jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kifuniko cha mawe. Ukikwaruza na ukaona utando mwembamba unatoka na chini yake kitu kigumu, mara nyingi cha rangi nyingine, basi ni ile rangi tunayosema, endelea na somo. Lakini ukiona ni mpira mnene kweli, wa unene wa shilingi ya zamani ama kupita, unaonata mpaka ndani, hiyo ni hadithi nyingine. Nitaigusa mwishoni.

Dawa yenyewe ni alkoli ya farmasi, ile wauguzi wanapangusia mahali pa sindano. Ya degre 90 inafanya kazi haraka. Ya degre 70 inafanya pia, lakini utasugua zaidi. Kanyanga haifai: maji ndani yake ni mingi, nguvu yake inabadilika bido kwa bido, na kazi itakuwa nusunusu. Jeli ya kunawia mikono inaweza kulainisha rangi, lakini inaacha utelezi ndani ya vitufe, na mimi siipendi.

Sasa, kuhusu vitu vya kukataa, naomba mnisikilize kwa sababu nimelipa masomo haya. Miaka mingi iliyopita redio ya baba yangu ilianza kunata. Nilichukua disolva, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikasugua kwa furaha. Rangi ilitoka kwa dakika moja. Halafu na plastiki ikaanza kulainika. Vidole vyangu viliingia juu yake sawa mtu anayebonyeza udongo wa kufinyanga, ikakauka hivyo, na mpaka leo alama za vidole vyangu ziko pale. Disolva nyingi zina asetoni, na asetoni inayeyusha aina nyingi za plastiki ngumu. Esanse na petroli ya taa nazo ziacheni: zinaweza kupasua plastiki taratibu, na esanse inaweza kuchoma nyumba. Dilua ya mafundi wa rangi pia hapana. Kisu, msasa, waya wa kusugulia sufuria, majivu na mchanga, vyote hapana.

Kuna kazi moja inayotangulia kitambaa, na hii ndiyo ningependa mtu anayesoma kwa sauti mbele ya wengine airudilie mara mbili. Andikeni kwanza kila kitu kilichochapwa juu ya ganda.

Ile siku kwenye koperative mimi mwenyewe nilikuwa nimeishalowesha kitambaa, mkono uko hewani, sekretere akanishika: "Agronomu, na hizi namba za mugongoni?" Nyuma ya mashini kulikuwa na orodha ndogo: mahindi namba fulani, mpunga namba fulani, maharagi, kahawa. Orodha ilikuwa imechapwa juu ya ile rangi laini. Ningeipangusa, ingeondoka pamoja na rangi. Na kipima-unyevu hakijui umemwaga nini ndani yake. Wewe ndiye unakiambia, kwa kuchagua namba ya zao. Ukichagua namba ya mahindi na kumwaga parche, kitakusomea namba nzuri, safi, ya uongo. Tungekuwa na mashini inayong'aa na kahawa inayorudishwa mara ya pili. Nilimshukuru mbele ya watu wote, na ninamshukuru tena hapa.

Basi pigeni picha kwa simu, pande zote, na tena andikeni kwenye kaye ya depo, kwa sababu simu inaibiwa na kaye inabaki. Andikeni namba za mazao, jina la kila kitufe, na namba ya mashini yenyewe.

Baada ya hapo toeni mawe. Kaeni inje, kwenye kivuli, mbali na makala, mishumaa na sigara, maana alkoli inashika moto haraka na mvuke wake unatembea. Watoto wasikae karibu. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi kama hamna glavu, maana ile rangi ikishakuwa tope jeusi haitoki kwenye kucha kwa siku mbili. Bandikeni skochi juu ya kile kidirisha cha kusomea namba. Wengi wanakiita kioo, lakini kwa mashini nyingi ni plastiki, na iko plastiki inayoonyesha ndani ambayo alkoli inaifanyia nyufa ndogondogo sawa utando wa buibui. Nyufa hizo hazitoki. Funikeni pia tundu la kumwagia punje na tundu za waya.

Msimwage alkoli juu ya mashini hata siku moja. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue kidogo, halafu kiweke juu ya sehemu moja na kukishikilia hapo dakika moja hivi. Uvumilivu huo ndio unafanya nusu ya kazi. Kisha sugua, ukivuta upande mmoja. Rangi itajikunja na kutoka sawa tope. Geuza kitambaa, tumia upande safi, na kikijaa chukua kingine. Hapa wengi wanakosea: wanatumia kitambaa kimoja mpaka mwisho, na wanachofanya ni kuhamisha gundi kutoka huku kwenda kule. Kwa mashini ya ukubwa wa mkono, tayarisheni vipande kumi na zaidi. Shati moja kuukuu la pamba linatosha.

Kwenye mikunjo na kando ya vitufe tumieni brosi ya meno ya zamani iliyoloweshwa kidogo, ama kijiti cha mwanzi kilichochongwa bila ncha kali. Pale kwa vitufe endeeni polepole, maana kitufe kikinywa alkoli nyingi kinaweza kuishusha ndani. Rudieni mzunguko wa pili. Mkipitisha kidole na kikateleza bila kushikwa, mmefika. Pangusa na kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha kikavu. Acheni mashini wazi saa moja nzima mbele ya kurudisha mawe.

Kama farmasi iko mbali, bikabonati ya kupikia inaweza kusaidia. Ichanganye na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, usugue na kitambaa. Inakwaruza kwa upole. Ni kazi ya nusu siku, inaacha plastiki bila mng'ao, na haifai karibu na tundu zozote. Kwa redio inaweza kupita. Kwa kipima-unyevu, ningengoja mtu anayeshuka mjini aniletee alkoli.

Na unga? Nimeona watu wanapaka unga wa mihogo ama pudre ya mtoto ili mikono isishikwe. Inaficha kwa siku chache, halafu rangi inapita juu ya unga na mnakuwa na ugali mweusi. Panya nao watashukuru.

Plastiki inayobaki chini itakuwa ngumu na inateleza, si nzuri sawa mwanzo. Magazinie wetu alikata ukanda kutoka shambre kuukuu ya kinga, akauzungusha kiunoni mwa mashini. Haitelezi tena. Aliandika majina ya vitufe kwa marikere isiyofutika, akabandika skochi juu. Orodha ya mazao aliandika kwenye karatasi, akaifunika na skochi vilevile, na kuibandika mgongoni mahali ilipokuwa.

Kazi haijaisha hapo, kwa upande wa kipima-unyevu. Mashini iliyolala miaka inaweza kuwaka na bado ikasoma vibaya, na hilo halina uhusiano na ngozi yake. Chukueni parche iliyochanganywa vizuri, kilo moja. Pimeni mara tatu na mwandike. Ifungeni vizuri, na siku hiyohiyo, ama kesho yake, ipelekeni kwa stesheni ya kuosha kahawa ama kwa mnunuzi mwenye mashini anayoiamini, ipimwe tena kule. Namba zikiachana kwa kitu kidogo, andikeni tofauti hiyo kwenye kaye na muihesabu kila mara. Zikiachana sana, mashini inahitaji fundi, na msiuze kwa kuitegemea. Ya koperative ile iliachana na ile ya mnunuzi kwa nusu tu kwa mia. Yeye mwenyewe aliona.

Wenye mahindi wana njia nyingine ya kuhakikisha, ya kienyeji lakini ya kweli. Chupa kavu ya kioo, mahindi mpaka robo yake, vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Tikisa dakika tatu, iache itulie. Chumvi ikijibandika ukutani mwa chupa, mahindi yamepita unyevu wa 15 kwa mia na hayajafaa kuwekwa depo. Isipojibandika, yako chini ya hapo. Kama mashini inasema 12 na chumvi imejaa ukutani, mmoja wa hao wawili anadanganya, na si chumvi.

Kuhusu kutunza: mashini ambazo bado hazijanata zilale kwenye rafu yenye hewa, si ndani ya mfuko uliofungwa, si kwenye dirisha la gari, na si pamoja na mbolea ama dawa za wadudu. Zipanguseni jasho baada ya kazi. Hiyo haitazuia rangi kuoza siku moja, itaichelewesha. Mkiona pale vidole vinashika pameanza kung'aa, tayarisheni alkoli. Na mkienda soko kununua redio ama tochi ambayo imeishatumika, ipitisheni kidole. Mimi siku hizi nachagua plastiki ngumu, hata ikiwa na sura mbaya.

Nimeahidi kusema juu ya mpira mnene. Siku ile, tulipomaliza, mama mmoja alileta tochi yenye mshiko wa mpira unaonata mpaka ndani. Mpira wa aina hiyo haukupulizwa juu ya kitu, ndio mshiko wenyewe. Mara nyingi kinachotoka ni mafuta yaliyochanganywa ndani yake kiwandani ili uwe laini. Ukiusugua na alkoli mpaka mwisho, utabaki na shimo. Tuliuosha na sabuni, tukaupitishia alkoli mara moja kwa haraka, tukaukausha, na kuufunga na kitambaa cha pamba kilichoshonwa kwa uzi. Nilimwambia itamsukuma miezi kadhaa, halafu afungue aoshe tena. Akaniuliza kama hiyo ndiyo kupona. Nikamwambia hapana, hiyo ni kufunga kidonda. Akaichukua, akaiwasha mchana kweupe ili wote tuone, akaenda nayo.